Mota zinazozunguka: Je, umeme usiopita kwenye waya unatosha?

MKULIMA anayemwagilia shamba kwa mtambo wa kuzunguka ana hofu moja kubwa: mtambo kusimama katikati ya kiangazi. Mahindi yaliyoanza kutoa mbelewele hayamsubiri fundi. Mara nyingine pampu ni nzima na maji yapo, ila umeme haufiki kwenye mota zinazosukuma magurudumu.

Tatizo hilo halimhusu mkulima mkubwa peke yake. Mfanyabiashara mwenye meza ya kuzunguka ya kujazia juisi kwenye chupa, au mwenye bembea za watoto zenye mota na taa, hukutana nalo pia. Waya ukifungwa kwenye kitu kinachozunguka bila kukoma, utajisokota hadi ukatike.

Mtambo wa umwagiliaji wa kuzunguka ulibuniwa na mkulima wa Marekani, Frank Zybach, aliyepata hataza mwaka 1952. Mwaka 1954 haki za kuutengeneza zilichukuliwa na Robert Daugherty wa mji wa Valley, jimbo la Nebraska. Mitambo ya kwanza ilisukumwa na nguvu ya maji yenyewe. Mota za umeme zilikuja baadaye.

Bomba lake huzunguka nguzo iliyo katikati ya shamba, likibebwa na minara yenye magurudumu. Bomba la mita 400 humwagilia duara la takriban hekta 50. Kila mnara una mota yake, ambayo kwa kawaida haizidi sana nguvu farasi moja.

Umeme huingia kupitia pete za shaba zilizofungwa kwenye nguzo ya katikati. Pete moja ni ya waya mmoja, na brashi hugusa pete hizo wakati mtambo unazunguka. Njia hii ni ya zamani, lakini inabeba umeme mwingi na fundi wa kawaida anaielewa.

Ubaya wake ni kwamba brashi huisha, pete hushika kutu na vumbi, na cheche hutokea. Kwenye kiwanda cha kusaga nafaka cheche ni hatari zaidi, kwa sababu vumbi la unga likijaa hewani linaweza kulipuka.

Ndiyo maana wengi huuliza kama umeme unaweza kurushwa bila kugusana. Jibu ni ndiyo, na jambo hilo si geni. Mikanda ya video ya zamani ilisomwa na vichwa vilivyokaa kwenye ngoma inayozunguka, na mawimbi yake yalivuka kupitia transfoma ndogo ya kuzunguka. Kinachobadilika ni kiasi cha nguvu inayohitajika.

Kanuni ni ile ya transfoma. Koili moja hukaa chini, isiyosogea, na nyingine hukaa juu ya jukwaa. Umeme ukibadilika haraka kwenye koili ya chini, huamsha umeme kwenye ya juu. Koili za duara zikikaa katikati kabisa, zikitazamana, kuzunguka hakupunguzi kitu, maana nafasi kati yao haibadiliki.

Nafasi hiyo ikiongezeka ndipo hasara huanza. Mwaka 2007, watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani waliwasha taa ya wati 60 iliyokuwa zaidi ya mita 2 kutoka kwenye koili. Hata hivyo, ni takriban asilimia 40 tu ya nguvu iliyofika.

Mkulima achukue kalamu hapo. Mota 8 za nguvu farasi moja kila moja zinahitaji takriban wati 6,000 zikifanya kazi pamoja. Kwa ufanisi wa asilimia 40, atalazimika kutoa wati 15,000, na katika kila yuniti 10 anazolipia, 6 zitapotea. Koili zikikaribiana hadi ufanisi ufike asilimia 90, wati 6,700 zitatosha.

Uwezo huo upo. Kiwango cha kuchaji magari bila waya kilichotolewa nchini Marekani mwaka 2020 kinafikia wati 11,000. Lakini vifaa vyake ni vya bei, na umeme ukishavuka lazima ugeuzwe tena uwe wa aina inayotakiwa na mota. Kwa mtambo wa shambani, pete za shaba zinazotunzwa vizuri bado ndizo nafuu.

Kwa mwenye meza ndogo, hesabu ni tofauti. Vifaa vingi vya kuchajia simu bila waya hutoa wati 5 hadi 15, hivyo haviwezi kuendesha mota ya wati 200 moja kwa moja. Isitoshe, mota nyingi wakati wa kuwaka huvuta umeme mara kadhaa kuliko zinapokuwa kwenye mwendo. Hapo ndipo wengi hukwama: mota inanguruma tu bila kuzunguka.

Dawa yake ni betri juu ya jukwaa. Mota ya wati 200 inayofanya kazi dakika 6 katika kila saa hutumia wastani wa wati 20 tu. Koili za wati 30 zinaweza kujaza betri polepole, na betri ikabeba mzigo wa kuwasha mota. Hata betri peke yake inaweza kutosha: ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, huendesha mota ya wati 50 kwa saa 12.

Mambo mawili yasisahaulike. Koili zisikae karibu na vyuma visivyokingwa, kwani chuma hupata moto na kula nguvu. Pili, kama jukwaa huzunguka nusu duara kisha hurudi, hakuna haja ya pete wala koili. Waya laini wenye urefu wa ziada unatosha.

Kwa mwenye mtambo wa shambani, ukaguzi wa pete na brashi ufanywe kabla ya msimu, na swichi kuu izimwe na kufungwa kwa kufuli kwanza. Mitambo mingi hutumia volti 480, na umeme huo huua.

Anayeshawishiwa kununua kifaa kipya aulize maswali matatu: mota zote zinakula wati ngapi kwa pamoja, zinavuta kiasi gani zinapowaka, na hufanya kazi dakika ngapi kwa saa. Muuzaji asiyeweza kujibu hayo hajui anachouza. Kabla ya kufungua pochi, mteja afungue daftari.