Laptop ya kitambo haishiki WiFi? Usimwambie mteja alipe tena

Uko dukani Wote au Mwingi, laptop ya kuangalia malipo imekataa kushika hotspoti ya simu, na mteja anasema ashatuma. Tulia. Angalia SMS au salio kwenye simu ya till. Hizo hazihitaji intaneti.

Sasa turudi kwa laptop. Nyingi za kitambo hushika mawimbi ya GHz 2.4 pekee. Simu mpya ikirusha ya GHz 5, jina la hotspoti halitaonekana hata kidogo. Ingia mipangilio ya hotspoti, chagua 2.4.

Imeshika lakini kurasa za malipo hazifunguki? Tazama tarehe. Ikirudi nyuma kila ukizima, huenda betri ndogo ya ndani, mara nyingi CR2032, imekwisha. Rekebisha saa kwanza, betri utabadilisha baadaye. Na fundi akikuomba PIN ati aunganishe WiFi, chukua laptop yako uende.