Kabla ya Kuuza Pampu, Tazama Upande wa Kunyonya

Kuanzia Agosti, wakulima wa Ushetu wanapoanza kumwagilia vitalu vya tumbaku, na wengine wakinywesha nyanya na mchicha kandokando ya malambo, swali moja hutufikia tena na tena kutoka vigangoni. Pampu ya petroli iliyonunuliwa kwa jasho la msimu mzima inatoa maji kidogo. Injini inanguruma vizuri, mafuta yanakwisha, bustani haijalowa. Je, mashine imechoka? Iuzwe?

Ndugu msomaji, kabla ya kumwita fundi tunaomba ufanye kipimo kimoja. Chukua pipa la lita 200, elekeza maji ndani yake na uhesabu sekunde kwa saa ya simu. Pampu nyingi ndogo za inchi 3 huandikwa kwamba hutoa lita 1,000 hivi kwa dakika, yaani pipa lijae kwa sekunde 12. Namba hiyo ni ya maji yasiyopandishwa popote, kwa hiyo usiitegemee shambani. Likijaa kwa sekunde 25 au 30 huna sababu ya kulalamika. Likichukua dakika nzima, kuna kitu kinakuibia maji. Andika namba hiyo ukutani, kwa sababu bila yake hutajua kama ulichorekebisha kimesaidia au kimekupa matumaini tu.

Sasa tuingie kwenye kiini. Watu husema pampu inavuta maji, lakini kwa kweli haivuti. Impela, lile gurudumu lenye mapanga ndani ya kasha, huyarusha maji nje kwa nguvu na kuacha nafasi yenye shinikizo dogo nyuma yake. Hewa iliyo juu ya lambo ndiyo inayoyasukuma maji mengine yapande kwenye bomba kujaza nafasi hiyo. Jambo hili liliwasumbua hata wakubwa. Galileo aliandika mwaka 1638 kwamba pampu za kunyonya zilikataa kupandisha maji zaidi ya mita 10 hivi, na ni Torricelli aliyeeleza mwaka 1644 kwamba uzito wa hewa ndio unaoweka mpaka huo. Mwaka 1648, kwa maelekezo ya Pascal, shemeji yake Périer alipanda mlima Puy de Dôme huko Ufaransa akiwa na mrija wa zebaki, huku mtawa mmoja akiachwa kwenye bustani ya konventi kule chini kuangalia mrija mwingine siku nzima. Ule wa chini haukubadilika. Ule wa mlimani ulishuka kadiri walivyopanda.

Hilo linatuhusu, maana sisi tuko juu. Kahama na Ushetu ziko karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Kwetu hewa inaweza kuyapandisha maji chini kidogo ya mita 9, tena kwa pampu kamilifu ambayo haipo duniani. Katika kazi halisi, ukipita mita 6 kutoka uso wa maji hadi kwenye pampu unaanza kuomba muujiza. Hata injini yenyewe hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa sababu ya hewa yetu nyepesi, na hilo si kosa la muuzaji.

Kwa hiyo jambo la kwanza, na mara nyingi la mwisho, ni kuisogeza pampu karibu na maji. Tumeona mashine ikiwekwa juu ya tuta chini ya kivuli, na bomba la kunyonyea likishuka mita nyingi hadi lamboni, kwa kuwa mwenyewe anataka iwe karibu na bustani. Geuza mpango huo. Pampu ileile inayohangaika kunyonya mita 6 inaweza kusukuma maji mita 20 na zaidi kwenda juu. Iweke chini kwenye ukingo ulio wazi na imara, bomba la kunyonyea liwe fupi, kisha urefu wote uupeleke upande wa kutolea.

Upana wa bomba nao una hesabu yake. Kwa kiasi kilekile cha maji, ukitoka bomba la inchi 3 kwenda la inchi 2, upotevu wa nguvu kwa msuguano huongezeka zaidi ya mara saba. Mpira mwembamba uliobaki kutoka pampu ya zamani unaonekana kuokoa fedha, lakini fedha hiyo inaishia kwenye petroli. Upande wa kunyonya tumia mpira mgumu usiobonyea, wenye upana wa mdomo wa pampu, wala usipungue hata kidogo.

Halafu hewa. Tundu dogo upande wa kutolea utaliona, kwa kuwa maji yatatoka. Tundu upande wa kunyonya halionekani, kwa sababu hapo hewa ndiyo inayoingia, na pampu iliyomeza hewa hukohoa na kutoa maji meupe yenye mapovu. Mashine ikiwa kazini, paka povu zito la sabuni kwenye kila kiungo kuanzia pampu kwenda majini. Povu likinyonywa ndani, umempata mwizi. Badilisha raba ya kiungo na ukaze kibano cha chuma. Kamba ya mpira wa baiskeli haitoshi. Hakikisha pia chekeche la mwisho limezama angalau sentimita 30, na lisilale kwenye tope. Njia rahisi ni kulitia ndani ya ndoo kuukuu iliyotobolewa matundu na kuining'iniza chini ya dumu tupu linaloelea, ili linyonye maji ya katikati yasiyo na mchanga.

Mchanga ndio unaoila impela. Pengo kati ya mapanga na kasha likipanuka, maji yaliyokwisha kusukumwa hurudi nyuma na kuzunguka humohumo. Huko Marekani na Kanada, wenye mashine ndogo za kurushia theluji hukutana na tatizo hilohilo, na wengi hufunga vipande vya mpira kwenye mapanga ili kuziba pengo. Kwenye pampu usiige hilo, mpira utakatika na kuziba njia. Fundi afungue kasha, na kama impela imelika aibadilishe, maana bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na pampu mpya. Na usiwashe kamwe pampu kavu kwa kungojea maji yaje yenyewe. Sili yake hupozwa na maji, bila hayo huungua upesi. Jaza kasha kwanza.

Kuhusu injini tuna machache: chujio safi la hewa, oili kwa kipimo, petroli isiyokaa miezi ndani ya tangi. Ila kuna mafundi wanaovuta springi ya gavana ili injini izunguke kasi kupita ilivyopangwa. Mkatalie. Kuongeza kasi kwa sehemu moja ya kumi kunadai nguvu zaidi kwa theluthi moja, na injini inayobebeshwa hivyo haidumu.

Tumeliacha hadi sasa jambo linalotutia hofu kuliko yote. Mtu aliyeelewa vizuri kwamba pampu inapaswa kuwa karibu na maji, na kisima chake kina mita 12, anaweza kufikiri: basi niishushe ndani. Wachimbaji wadogo wa dhahabu nao hushawishika vivyo hivyo shimo lao linapojaa maji. Hesabu ya maji iko sawa, lakini moshi wa injini ya petroli una gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ndani ya shimo haina pa kwenda, na hubaki humo hata baada ya injini kuzimwa. Kibatari au mshumaa ulioshushwa na kuendelea kuwaka hauthibitishi usalama, kwa sababu moto huonyesha upungufu wa oksijeni tu, hauionyeshi gesi hii. Anayeshuka kuwasha tena mashine huanguka, na ndugu anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Hivyo ndivyo shimo moja linavyoweza kuchukua watu watatu wa ukoo mmoja asubuhi moja.

Injini isishushwe kisimani wala shimoni, hata kwa dakika tano, hata kwa kamba bila mtu. Ikitokea mtu ameanguka humo, asishuke mwingine. Piga 114, namba ya Zimamoto, na kama alikuwa amefungwa kamba avutwe kutoka juu. Mafrateri mnaokwenda likizo za kichungaji, mkiona pampu inaning'inizwa mdomoni mwa kisima, simamisheni kazi papo hapo, hata kama mwenye kisima ni mzee wa kigango.

Kwa kisima kirefu kuna pampu ya umeme inayozama majini yenyewe, inayoendeshwa na paneli za jua zilizowekwa juu. Hiyo husukuma kutoka chini, haina haja ya kunyonya, wala haitoi moshi. Bei yake ya kwanza ni kubwa kuliko ile ya petroli, kwa hiyo jumuiya kadhaa zinaweza kuchangia moja kwa kisima cha pamoja. Pampu ya petroli ibaki kwa malambo na mito ya msimu, ikiwa imekaa nje kwenye upepo, hatua chache kutoka majini.