Kijiji cha barafu kilichofunguliwa milango na penseli

Je, msomaji, umewahi kumfumania mtoto wako akichora ndege nyuma ya daftari la hesabu, nawe ukamkemea kwamba picha hazijazi sufuria? Kabla hujampokonya penseli hiyo, hebu tusafiri kidogo hadi kaskazini ya mbali nchini Kanada, katika kijiji cha Kinngait.

Kijiji hiki, ambacho ramani zilikiita Cape Dorset hadi mwaka wa 2020, kiko kisiwani katika eneo la Nunavut. Hakuna miti, na bahari huganda kwa miezi mingi. Wakazi wake wapatao 1,400 karibu wote ni Wainuit, watu ambao wengi wetu tulifunzwa shuleni kuwaita Waeskimo.

Wazee wao waliishi kambini, wakiwinda sili na kuuza ngozi za mbweha. Bei ya ngozi ilipoanguka, na familia zikawa zinahamia kijijini miaka ya 1950 na 1960, swali likawa moja: watakula nini?

Pakiti mbili za sigara

Jibu lilitoka mahali ambapo hakuna aliyepatarajia. James Houston, msanii aliyekuwa akifanya kazi kule, alisimulia kwamba mchongaji Osuitok Ipeelee alitazama pakiti mbili za sigara zenye picha ile ile ya baharia. Akashangaa jinsi mtu alivyoweza kuketi akizichora moja moja bila kuchoka! Ili kumweleza, Houston alipaka wino kwenye pembe aliyoichonga Osuitok, akabandika karatasi laini juu yake, akaibandua. Picha ikatokea. Osuitok alielewa papo hapo kwamba kazi hiyo wanaiweza.

Majaribio yakaanza mwaka wa 1957. Houston akaenda Japani kujifunza uchapaji, na mwaka wa 1959 wanakijiji wakawa na chama chao cha ushirika pamoja na mkusanyo wao wa kwanza wa picha. Tangu wakati huo, karakana imekuwa ikitoa picha mpya mwaka baada ya mwaka.

Usidhani ni kazi rahisi. Mchoro huhamishiwa juu ya jiwe lililosawazishwa, kisha fundi hupunguza jiwe lote lisilo sehemu ya picha. Hupaka wino, hulaza karatasi nyembamba, na kuisugua kwa mkono. Kwa kawaida hutolewa nakala 50 tu.

Lakini siri kubwa iko kwenye mpango wenyewe. Chama humpa msanii karatasi na penseli, na akileta mchoro hulipwa pale pale, hata kama hautachapwa kamwe. Hasubiri mnunuzi wa Toronto ndipo anunue maziwa ya mtoto.

Mjane na bundi

Pitseolak Ashoona alikuwa mjane aliyelea watoto kwa shida. Alianza kuchora akiwa mtu mzima, na kufikia kifo chake mwaka wa 1983 alikuwa amechora zaidi ya michoro 7,000. Jirani yake, Kenojuak Ashevak, aliyewahi kulazwa hospitalini huko Quebec kwa miaka kadhaa akiugua kifua kikuu, ndiye aliyechora bundi mwenye manyoya kama miale ya jua mwaka wa 1960. Bundi huyo aliwekwa kwenye stempu ya Kanada mwaka wa 1970. Nakala moja iliuzwa mnadani mwaka wa 2018 kwa dola 216,000 za Kanada.

Hata hivyo, msomaji, si kila hadithi ya Kinngait ina mwisho mtamu. Annie Pootoogook, mjukuu wa Pitseolak, hakuchora bundi. Alichora aliyoyaona nyumbani: familia ikitazama televisheni, watu wakila chini sakafuni, na mwanamume akimpiga mkewe. Mwaka wa 2006 alishinda tuzo ya Sobey, miongoni mwa tuzo kubwa za sanaa nchini humo.

Sifa zikampeleka mijini, mbali na karakana. Kule Ottawa hakukuwa na meza yake, wala mtu wa kumlipa kila alipomaliza mchoro. Watu walimwona akiuza michoro barabarani kwa bei ya kutupa. Mwezi wa Septemba 2016 mwili wake ulipatikana mtoni. Alikuwa na umri wa miaka 47.

Kipaji hakikumtoka Annie alipohama. Alichokosa ni mahali na watu wa kukitunza. Binamu yake, Shuvinai Ashoona, aliendelea kuchora Kinngait, na mwaka wa 2022 akatajwa kwa heshima katika maonyesho makubwa ya Venice, Italia.

Basi leo jioni ukimkuta mwanao akichora, mwulize kwanza kama hesabu amemaliza. Akisema ndiyo, mtafutie karatasi safi na pembe ya meza. Huenda hatakuwa Kenojuak. Lakini atajua kwamba nyumbani kwao ana mahali pake.