Mwali Amekua, Ubongo Bado

Mwana hiti ni kisanamu cha mti kinachoenea kiganjani. Hakina mikono wala miguu, na nywele zake zimechongwa mafungu mawili. Kwa Wazaramo wa Kisarawe, binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akaitwa mwali, akapewa mwana hiti amtunze na kumpaka mafuta kama mtoto mchanga. Zamani aliweza kukaa humo miezi, hata miaka, akifundwa unyago na kungwi, mwanamke mzima aliyekuwa mlezi wake. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, aliziandikia mila hizo kitabu kilichotoka mwaka 1970.

Mwanasaikolojia Erik Erikson aliyagawa maisha ya binadamu katika hatua 8. Katika ya 5, ujana, mtu hutafuta yeye ni nani. Katika ya 7, utu uzima, hutaka kulea na kuwarithisha wanaomfuata. Akikosa nafasi hiyo, hudumaa. Watu wakizungumzia unyago humtazama mwali peke yake. Mimi naona chumbani mle walikuwa wakikua wawili, mwali na kungwi wake.

Leo shule ya bweni nayo huwatenga vijana na nyumbani. Kibaha inalijua hilo vizuri: kituo chake cha elimu, chenye shule ya bweni, kilianzishwa kwa msaada wa nchi za Nordiki, kikakabidhiwa kwa Serikali mwaka 1970. Lakini bwenini kijana huishi zaidi na rika lake, na mwalimu mmoja hawezi kuwa kungwi wa darasa zima.

Na kungwi anahitajika, tena kwa miaka mingi. Balehe huamsha mapema sehemu za ubongo zinazopenda raha na sifa za wenzako. Sehemu ya mbele, inayopima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi mtu afike kama miaka 25. Hapo ndipo mila ilipokosea: ilimtoa mwali ikimhesabu mtu mzima, tayari kwa mume. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani, akashinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono hukumu hiyo mwaka 2019.

Mzazi wa Kisarawe, binti yako akivunja ungo mtafutie kungwi wa kuzungumza naye, kisha arudi darasani. Ngoma ya kumtoa mwali ingoje likizo, na mchumba angoje zaidi.