Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Khatari Iliyofichika Ndani ya Motokaa

Wahenga walinena kweli waliposema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mtu huogopa shimo la njiani, na dereva mlevi, na usiku wa mvua. Asikhofu kitu kilichowekwa mbele ya kifua chake kwa ajili ya kumlinda. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, wazee na vijana, khabari ya kitu cha namna hiyo, kwani mwenye kuijua huweza kuwasalimisha watu wa nyumbani mwake.

Ndani ya usukani, na mbele ya abiria wa kiti cha mbele, motokaa nyingi zina mfuko wa hewa uliokunjwa, nao hutambulikana kwa herufi SRS. Motokaa igongapo kwa nguvu, kikopo cha chuma kilicho nyuma ya mfuko huo huwasha kemikali; kemikali hutoa gesi, na mfuko hujaa kabla jicho halijapepesa, ukampokea mtu kichwa na kifua. Mfuko huo umeokoa roho za watu wengi, wala hatusemi kwamba ni kitu kibaya.

Lakini kampuni ya Takata ya Japani, iliyowauzia mifuko hiyo watengenezaji wengi, kama Honda, Toyota, Nissan, Mazda, BMW na Ford, ilitia katika vikopo vyake amonia nitrati, kemikali itumiwayo pia katika mbolea na katika kupasulia miamba machimboni. Ila yake ni kwamba joto na unyevu wa hewa, vikiirudiarudia miaka mingi, huiharibu, khasa ikiwa haikutiwa dawa ya kukausha unyevu. Ikisha kuharibika huwaka kwa kasi ipitayo kiasi. Hapo kikopo hupasuka, na vipande vya chuma huutoboa mfuko vikampiga usoni na shingoni mtu yule yule aliyetakiwa kulindwa.

Mwaka 2008 Honda ilianza kuziita motokaa chache zirudi kutengenezwa. Mwaka 2009 msichana mmoja aliuawa na vipande hivyo huko Marekani. Julai 2014 mama mjamzito alikufa Malaysia. Hatimaye Marekani peke yake mifuko yapata milioni 67 iliamriwa ibadilishwe. Mwaka 2017 Takata ilikiri mahakamani kosa la udanganyifu, kwa kuwa iliwapa watengenezaji matokeo ya majaribio yasiyo ya kweli; ikatozwa dola bilioni 1, na mwaka huo huo ikafilisika.

Pengine msomaji atauliza: haya ya Marekani na Japani yatuhusu nini? Yatuhusu kwa mambo mawili. La kwanza ni hewa yetu. Wakuu wa usalama wa barabara wa Marekani waliona kwamba mifuko iliyokaa katika majimbo ya joto na unyevu, kama Florida, ndiyo iliyoharibika zaidi. Na mwaka 2016 walitangaza kwamba katika baadhi ya Honda na Acura za miaka 2001 hadi 2003, kikopo kikiwashwa katika ajali, uwezekano wa kupasuka wafika asilimia 50. Na pwani yetu, kutoka Lamu hadi Mtwara, ni nchi ya joto na unyevu mwaka mzima.

La pili ni kwamba motokaa nyingi ziteremshwazo Mombasa na Dar es Salaam zilikwisha kutumika Japani. Mtengenezaji humwandikia barua mwenye motokaa amjuaye katika daftari zake. Barua hiyo haivuki bahari kumfuata mnunuzi wa pili wala wa tatu. Kwa hiyo anayengoja kuitwa huenda asiitwe maisha. Ni juu yake kuuliza mwenyewe.

Basi yatupasa tufanyeje? Kwanza, tusighurike kwa kuwa motokaa yaenda vizuri. Ila hii haina mlio, wala haiwashi taa ya onyo. Pili, tuinakili nambari ya chasisi kutoka katika kadi ya gari, tuipeleke kwa wakala wa mtengenezaji, au kijana wa nyumbani aitafute katika tovuti ya mtengenezaji. Motokaa iliyoundwa kwa soko la Japani nambari yake ni fupi kuliko zile za Marekani zenye herufi na tarakimu 17. Hiyo itafutwe katika tovuti ya Kijapani. Tatu, ikionekana kwamba imeitwa, tusiahirishe. Kwa desturi gharama ya kazi hii ni ya mtengenezaji. Lakini aliyenunua motokaa kuukuu na amwulize wakala waziwazi kama ataipokea. Ikiwa tangazo lasema isiendeshwe, isiendeshwe hata kwa safari ya sokoni. Nne, fundi wa mtaani asikifungue kikopo hicho, kwani ni kama baruti. Wala tusinunue mfuko uliong'olewa katika gari bovu, maana huenda ukawa ni wa Takata ule ule.

Twamalizia kwa neno kwa wauzaji. Sharia yetu humwajibisha muuzaji kuibainisha aibu ya kitu aijuayo, na humpa mnunuzi khiyari ya kukirudisha akiigundua. Ajuaye kwamba motokaa yake imeitwa, kisha akanyamaza na kumwuzia mwenziwe mwenye watoto, amefanya dukani pake lile lile lililofanywa na Takata katika viwanda vyake. Tofauti ni wingi wa mali tu. Na aliyekwisha kuuza kabla ya kujua, na ampelekee mnunuzi khabari leo, kwa maana shingo ya mtu haina badala.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi sisi na watoto wetu. Amin.