Je, Wajua? Jeevanjee Alikuwa Mtu Kabla ya Kuwa Bustani

Je, wajua kwamba gazeti la The Standard la Kenya, ambalo enzi za ukoloni lilijulikana kama sauti ya masetla wa Kizungu, lilianzishwa na Mhindi? Mnamo 1902 mfanyabiashara wa Mombasa, Alibhai Mulla Jeevanjee, alitoa fedha zake akaanzisha gazeti la kila wiki, African Standard, na kumwajiri Mwingereza kuwa mhariri. Mwaka 1905 akawauzia Wazungu wawili, nao wakaliita East African Standard. Baadaye gazeti hilohilo likawa mpinzani mkubwa wa haki alizokuwa akizidai.

Wakazi wa Nairobi hulitaja jina lake kila siku. “Tupatane Jivanjee,” mtu humwambia rafiki yake kwenye simu, naye rafiki anajua ni kwenye ile bustani ya katikati ya mji. Ukiwauliza Jeevanjee alikuwa nani, wengi watababaika.

Alizaliwa Karachi mwaka 1856, katika familia ya Mabohora, Waislamu wa Kishia. Masomo ya darasani hakuyapata kwa wingi. Biashara ndiyo iliyomfunza. Je, wajua kwamba kabla ya kuiona Mombasa alikuwa amefika Australia? Mnamo 1886 alikuwa Adelaide akiuza bidhaa kutoka nchi za Mashariki. Mwaka 1890 akatia nanga Mombasa, na reli ya Uganda ilipoanza kujengwa, kampuni yake, A.M. Jeevanjee, ikapata kandarasi ya kuleta vibarua kutoka India na kuwapatia chakula.

Hapa pana jambo la kusemwa waziwazi. Kati ya 1896 na 1901 Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kufanya kazi kwenye reli hiyo, na karibu 2,500 walifariki kwa maradhi, ajali na simba wa Tsavo. Utajiri wa Jeevanjee ulianzia kwenye jasho lao. Wajenzi wa reli hukumbukwa kwa jumla tu, ilhali mwenye kandarasi anakumbukwa kwa jina. Sisemi hivyo ili kumshusha hadhi, bali kwa sababu heshima anayostahili yeye, nao wanastahili sehemu yake.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, palikuwa na mahema na kinamasi. Jeevanjee na nduguye Tayabali, aliyeshirikiana naye katika biashara, wakajenga majengo ya serikali, nyumba na maduka, hata sehemu kubwa ya mji ule mchanga ikawa mali yao. (Msomaji wa Dar es Salaam asichanganye: familia ya Karimjee Jivanjee, ambayo jina lake liko kwenye Ukumbi wa Karimjee, ni Mabohora pia, lakini ni ukoo mwingine.)

Baraza la Kutunga Sheria lilikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1907, na wajumbe wote walikuwa Wazungu. Miaka michache baadaye Jeevanjee aliteuliwa, akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kukaa ndani ya baraza hilo. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, alikuja kuingia mwaka 1944. Jeevanjee alipinga sheria iliyowatengea Wazungu peke yao ardhi ya nyanda za juu, na mwaka 1914 akawa rais wa kwanza wa Kongresi ya Wahindi wa Afrika Mashariki. Lakini mwaka 1910 alipendekeza nchi hii iunganishwe na himaya ya India. Hapo alikosea, tena vibaya, kwani wenye nchi walikuwapo na hakuna aliyewauliza.

Sasa tuingie bustanini. Mwaka 1906 Jeevanjee alitoa ekari zipatazo tano katikati ya mji ziwe mahali pa watu kupumzika, akaweka humo sanamu ya Malkia Victoria, iliyozinduliwa na Mwanamfalme Arthur, mtoto wa malkia huyo. Leo bustani hiyo imezungukwa na Moi Avenue, Muindi Mbingu, Monrovia na Moktar Daddah. Saa ya chakula cha mchana wahubiri husimama wakapaza sauti, Biblia mkononi. Wapiga picha hutafuta wateja. Vijana wasio na kazi hulala kwenye nyasi, na karani aliyekosa pesa za hoteli hula njugu zake bila kuulizwa kitu. Humo ndimo kilimozaliwa kikundi cha Bunge la Mwananchi, ambamo watu wa kawaida hukaa kwenye viti vya bustani wakajadili bei ya unga, ufisadi na katiba. Sanamu ya Malkia, kwa upande wake, iliangushwa na kuvunjwa kichwa mwaka 2015.

Je, wajua kwamba bustani hiyo ilinusurika chupuchupu? Mwaka 1991 wakuu wa jiji walitaka kujenga hapo maegesho ya magari na maduka. Aliyesimama kupinga alikuwa mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, mwanamke ambaye hakubahatika kukaa na babu yake. Siku zile kuipinga serikali ya chama tawala cha KANU hadharani kulihitaji moyo. Miaka miwili tu kabla yake mwanamazingira Wangari Maathai alikuwa ametukanwa kwa kuitetea bustani ya Uhuru Park. Zarina aliungwa mkono na Wanairobi wa kila rangi, na mradi ukafa. Kisha akaketi kumtafiti babu yake, na mwaka 1997 akachapisha kitabu cha maisha yake, kiitwacho Challenge to Colonialism.

Jeevanjee alifariki Nairobi tarehe 2 Mei 1936, sehemu kubwa ya mali yake ikiwa imekwisha kupotea. Meli, majumba na kampuni vimebaki vitabuni, na alichokitoa bure ndicho kinachobeba jina lake mpaka leo, kwa sababu kilipata mtu wa ukoo wake wa kukipigania.

Ukiwa Nairobi na una nusu saa, ingia bustanini kwa upande wa Moi Avenue, utafute sanamu ya Jeevanjee mwenyewe. Kiingilio hakuna.