Pasipoti Moja, Milango Miwili

Huenda wakumbuka Wahindi waliofunga maduka mapema 1968 na kukimbilia uwanja wa Embakasi. Haraka ya nini?

Wazee wa baadhi yao waliletwa na Waingereza kujenga reli, kuanzia 1896. Wengine walifuata biashara chini ya bendera hiyo hiyo. Baada ya Uhuru, 1963, Kenya iliwapa miaka miwili waombe uraia. Wengi hawakuomba, wakabaki na pasipoti za Uingereza. Halafu sheria yetu ya 1967 ikasema asiye raia lazima awe na kibali cha kazi.

Sasa sikiza. Bunge la London lilipitisha sheria yake kwa siku chache tu, ikaanza Machi 1968: mwenye pasipoti hiyo asiingie ovyo, ila kama yeye, mzazi au babu yake alizaliwa Uingereza. Basi mlowezi wa Nakuru alipita kwa jina la babu. Mwenye duka wa River Road, pasipoti ni ile ile, akaambiwa angoje vocha. Mwanzoni zilikuwa 1,500 kwa mwaka, moja kwa kila mkuu wa jamaa. Kenya nayo ilisema, hawa si raia wetu, ni wenu. Familia zikakaa katikati, bila kazi, zikingoja barua. Mpango wa vocha ulifungwa 2002.